Fundi Kazimili na Kilio cha Mama Mkuu

Mwaka 1995, mtu aliyetaka kujua gari lake linaumwa nini, kati ya Rusumo na Biharamulo, aliambiwa afike Lusahunga, avuke njia panda, aulize kwa Kazimili. Kibao hakikuwepo. Palikuwa na shimo la kukagulia magari, kibanda cha mabati, na mabenchi mawili ambayo tulikalia zaidi sisi tusio na gari. Mimi nilikuwa na duka la chumvi, betri na sabuni upande wa pili wa barabara. Nikikosa wateja nilivuka, na mara nyingi wateja walinifuata huko huko benchini.

Kazimili alikuwa Msukuma wa Maswa, mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa kama makasia. Kabla ya kuja huku alifanya kazi miaka kumi na saba kwenye kinu cha kuchambulia pamba, akitengeneza mashine zinazonguruma tangu asubuhi hadi jioni. Alihamia Biharamulo kwa sababu ya malisho, akifuata ng'ombe wa ukoo pamoja na mdogo wake. Halafu wakimbizi wakaingia kutoka ng'ambo ya mpaka, kambi zikajaa upande wa Ngara, na malori ya mahindi na maharage yakaanza kupita kama siafu. Malori hayo yaliharibika. Kazimili akamwachia mdogo wake ng'ombe, akarudia spana.

Sifa yake ilikuwa kusikiliza. Dereva akija na gari linalolia, Kazimili hakugusa kitu kwanza. Alisimama kando ya boneti, akafumba macho, akainamisha kichwa, akainua kidole kimoja. Hapo sote benchini tulinyamaza kama tuko kanisani padri anapogeuza mkate na divai. Baadaye alifumbua macho na kusema, "Bushi ya nyuma, kulia," na kweli ikawa bushi ya nyuma, kulia, ule mpira wa kwenye maungio ya chuma. Nadhani, Mungu anisamehe, alipenda ule ukimya wetu kuliko alivyopenda jibu lenyewe.

Mke wake, Limi, alipika chai na maandazi nyuma ya kibanda. Alikuwa mfupi, mchangamfu, na hakuogopa kidole cha mumewe hata kidogo. Kikiinuliwa, yeye aliendelea kugonga sufuria.

Mwezi wa Februari akaja Gaspari.

Gaspari alikuwa mkulima wa kahawa na migomba kutoka Mabawe, mtu wa makamo, Mhangaza hasa, na kwa miaka kumi na mitano alikuwa dereva wa gari la parokia. Gari lilikuwa Landrova la mwaka 1971, refu, la rangi iliyowahi kuwa nyeupe. Watu wa Mabawe waliliita Mama Mkuu, kwa sababu lilikuwa zee, halikubali kuharakishwa, na lilimfanya kila aliyepanda akae wima. Lilibeba wajawazito na wagonjwa kwenda hospitali, na kila baada ya wiki mbili lilishuka Biharamulo kuchukua dawa za zahanati. Ndiyo maana lilipita kwetu.

"Fundi, gari rinaria," Gaspari alisema. "Mbere, upande wa kushoto."

"Gali linalia namna gani?" Kazimili aliuliza.

Mmoja aliikosa r, mwingine aliikosa l. Kwa pamoja walikuwa na herufi zote. Maneno yao yaliyobaki nitayaandika kwa Kiswahili cha shule, maana nikiendelea hivi hatutafika.

Gaspari alieleza kwamba mlio hutoka akiwa amepakia, hasa kwenye miteremko. Gari likiwa tupu hunyamaza. Kazimili akasikiliza injini, akafumba macho, kidole kikapanda, tukanyamaza. "Shokapu," alisema. Akabadilisha shokapu ya mbele kushoto kwa nyingine aliyoitoa kwenye gari lililokufa. Gaspari akashukuru, akaondoka.

Baada ya wiki mbili alirudi. Mlio ulikuwa pale pale. Kazimili akalitingisha gurudumu, akakuta ncha ya tairodi, ule mkono unaogeuza magurudumu, imelegea. Kulegea kweli ilikuwa imelegea, na akaibadilisha vizuri. Gaspari akashukuru tena, mara hii kwa sauti ya chini zaidi.

Mara ya tatu alifika asubuhi ya Machi, akiwa na muuguzi wa zahanati, dada mmoja mkakamavu aitwaye Odeta. Gaspari aliteremka taratibu. Odeta aliteremka haraka, kama mtu anayeondoka kwenye nyumba inayovuja.

"Shikamoo, baba," Odeta alimsalimu Kazimili.

Kazimili hakujibu. Alikuwa akifuta spana.

"Shikamoo, baba," alirudia, juu kidogo.

"Marahaba, mama. Habari za huko."

"Za huko ni kwamba wajawazito wamekataa kupanda hili gari," Odeta alisema. "Juzi mmoja ametembea kwa miguu toka Bugarama, mimba ya miezi tisa. Wanasema gari linalia kwa ajili ya watu liliowabeba mwaka jana."

Tulielewa wote alichosema, na benchi likatulia bila kidole. Mwaka uliotangulia, watu walipovuka mpaka kwa maelfu, Gaspari alishinda barabarani siku tisa. Alibeba wazee, waliojeruhiwa, na watoto wasiojua mama zao wako wapi. Baadhi ya aliowapakia hawakufika wakiwa hai. Yeye hakupenda kuyazungumza, lakini kijiji kilikuwa kikiyazungumza kwa niaba yake.

"Mimi siamini mambo hayo," Gaspari alisema, akitazama tairi. "Lakini mlio upo. Fundi, lisikilize vizuri leo."

Kazimili akapanda naye. Wakazunguka njia panda, wakaenda mpaka kwenye vibanda vya wauza nyama, wakarudi. Sisi tuliokaa benchini tuliusikia mlio kabla gari halijakaribia. Sasa lilikuwa likilia hata likiwa tupu, na kila lilipopita kwenye shimo lilitoa sauti nyembamba, *nyiii*, kama mlango wa kanisa linaloanza misa.

Kazimili akashuka. "Hakuna mlio," alisema.

Gaspari alizima injini. "Fundi, nimetoka Mabawe alfajiri. Unanifanyia mzaha?"

"Nimesikiliza. Gari ni zima."

"Basi mimi ndiye mgonjwa," Gaspari alisema, akageuka kumwita Odeta waondoke. Hakupaza sauti. Watu wa kwao wakikasirika sana huwa wapole, na upole ule ulituuma hata sisi tusiohusika.

Hapo Limi alitoka nyuma ya kibanda akifuta mikono kwa kitenge. Kilikuwa kitenge kipya, na kina historia. Kwa muda wa miezi sita hivi Limi alikuwa amegundua kwamba akimwomba mumewe kitu akiwa amesimama upande wake wa kushoto, mumewe anasema "sawa" bila kuuliza. Kwa njia hiyo alikuwa amejipatia vitenge vitatu, kuku wa mayai, na ruhusa ya kwenda Maswa kwa dada yake. Mwanzoni alidhani ndoa imenoga. Baadaye akaelewa.

Sasa alisimama nyuma ya Kazimili, hatua mbili tu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Baba Malongo, ng'ombe wote wa mdogo wako wamekufa."

Kazimili aliendelea kufuta spana ile ile.

Gaspari aliona. Odeta aliona. Sisi tuliona, na nakiri kuna mmoja wetu aliyecheka, na Limi atakumbuka kwamba si mimi. Limi hakucheka. Alizunguka akasimama mbele ya mumewe, akamshika mkono.

"Baba Malongo, husikii," alimwambia. "Si gari tu. Husikii watoto wakikuita, husikii mvua ikianza. Sauti nene unazisikia. Nyembamba zimekukimbia."

Kazimili alitutazama mmoja mmoja. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyevuliwa shati sokoni. Aliweka spana chini, akaenda kukaa ukingoni mwa shimo, miguu ikining'inia ndani. Halafu alisema, bila kumtazama mtu, "Tangu mwaka jana. Nilidhani ni vumbi la malori."

"Na shokapu?" Gaspari aliuliza.

"Shokapu nilikisia. Kwenye magari ya namna hii, kisio la kwanza huwa shokapu. Nisamehe, mzee mwenzangu."

Gaspari alijikuna kidevu. Nadhani alitaka kuendelea kukasirika, lakini ni vigumu kumkasirikia mtu mkubwa hivyo aliyekaa ukingoni mwa shimo. "Na mimi macho yangu usiku hayaoni vizuri," alisema hatimaye. "Parokia hawajui."

Odeta, aliyekuwa akisafiri na gari hilo hata usiku, alimgeukia kwa mshangao. Lakini hilo ni jambo lao.

Limi alimsogelea mumewe pale shimoni. "Mimi nasikia vizuri," alisema. "Niambie nisikilize nini."

Kazimili aliinuka. Na hapa lazima niseme kwa haki: ujuzi wake haukuwa wa masikio peke yake, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amesahau. Alianza kuuliza maswali ambayo hakuwahi kuyauliza siku zote za kidole. Mlio ni mmoja au miwili? Asubuhi kukiwa na umande upo? Akikanyaga breki je? Akikata kona? Gaspari alijibu kwamba asubuhi baada ya mvua gari hukaa kimya mpaka barabara ikauke. Kuhusu breki hakuwa na hakika.

"Leta maji," Kazimili alisema.

Gaspari alipolisogeza gari juu ya shimo, Kazimili aliingia ndani. Alimwambia Gaspari apande juu ya bampa la mbele aruke ruke, naye Limi ainame karibu na gurudumu. Gaspari akaruka, mzee wa heshima, kofia mkononi. *Nyiii*, likasema gari. Kazimili akamwagia maji bushi ya mbele ya springi. Likaendelea kulia. Akamwagia bushi ya nyuma ya springi ile ile.

"Imenyamaza," Limi alisema.

"Hiyo ndiyo inayolia. Mpira umekauka, unasuguana na chuma."

Tulipumua benchini. Wajawazito wa Bugarama walikuwa wanakimbia kipande cha mpira kisichozidi kidole gumba. Gaspari akauliza kama anaweza kuondoka, bushi ataibadilisha safari ijayo. Fundi wa sifa angekubali, kwa kuwa heshima yake ilikuwa imerudi kidogo na angependa kuishia hapo. Kazimili alikataa.

"Bushi haitembezi mwanamke na mimba yake kwa miguu," alisema. "Watu wameogopa kitu kingine. Na wewe umesema miteremko. Nataka kulipakia."

Akatugeukia sisi. Kwa muda wa mwaka mzima tulikuwa tumekalia benchi lake bila faida, na siku hiyo tukafaa. Tulipanda tisa nyuma, pamoja na Odeta na gunia langu la chumvi. Mbele alikaa Gaspari kwenye usukani, Limi katikati, na Kazimili pembeni kushoto. Alikuwa amevua viatu na kukanyaga bati la sakafu kwa nyayo tupu.

Tuliacha lami, tukashika barabara ya vumbi ya Biharamulo. Kwenye tambarare bushi iliimba *nyiii, nyiii* na hakuna aliyeshtuka tena. Baadhi yetu tulianza kuitikia. Tulipofika kwenye mteremko wa kwanza mrefu, Kazimili akasema, "Kanyaga breki. Achia. Kanyaga tena."

Gaspari akakanyaga.

"Kuna mwingine," Limi alisema. "Si ule mwembamba. *Tak.* Mara moja tu, breki ikianza kushika. Akiachia, *tak* tena, ndogo."

"Wapi?"

"Chini ya miguu yako."

Kazimili akakandamiza nyayo. "Nimeuhisi," alisema. "Kanyaga kwa nguvu zaidi, mzee, lakini uwe tayari."

Gaspari akakanyaga kwa nguvu. *Tak* ile tuliisikia sote, na papo hapo gari likajivuta kushoto kama ng'ombe aliyeona majani. Mtaro ulikuja upande wetu. Gunia langu la chumvi lilinikalia mapajani, mtu mmoja akataja watakatifu kwa mpangilio usio wa kawaida. Gaspari alivuta usukani kwa mikono yote miwili, akaachia breki, akashika gia ndogo, na Mama Mkuu likasimama, tairi moja kwenye majani. Tulishuka mmoja mmoja, tukasimama mbali kidogo.

Kazimili alikuwa ameshapiga magoti. Aliomba kamba, na Odeta akamfungulia kamba ya katani iliyofunga boksi lake la dawa. Kwanza alimtuma Gaspari alisogeze gari mahali pa sawa. Halafu akapima upande wa kulia, toka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, akafunga fundo. Akahamia kushoto, akanyoosha kamba ile ile. Fundo lilipitiliza kwa upana wa vidole viwili.

"Angalieni," alisema. Alisema kwa sauti ya mtu anayeonyesha picha ya mtoto wake. "Gurudumu la kushoto limerudi nyuma. Ekseli, chuma kinachobeba magurudumu, haijakaa mahali pake."

Alitueleza pale pale, akichora vumbini. Springi ya gari hilo ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Katikati yake hupita bolti moja, si kubwa, ambayo kichwa chake huingia kwenye tundu la kiti cha ekseli na kuizuia isitambae. Bolti hiyo ikikatika, springi haionyeshi dalili kwa nje, maana vyuma vinavyoikumbatia bado vipo. Lakini kila breki ikishika, ekseli inateleza nyuma na kugonga. Vyuma hivyo vikizidi kulegea, siku moja gurudumu moja hubaki na gari huenda zake.

"Ule mwembamba ndio mliousikia," alisema. "Huu wa pili ulijificha nyuma yake."

Tulirudi Lusahunga kwa mwendo wa mazishi, sisi wanaume tukitembea kwa miguu nyuma, na Odeta akitembea mbele yetu sote. Mchana Kazimili alifungua springi. Bolti ilitoka vipande viwili. Alivisafisha kwa petroli, akavipeleka kwenye mwanga, akamwita Gaspari. Sehemu kubwa ya mahali palipokatika ilikuwa nyeusi kwa kutu ya zamani. Ukingo mmoja tu uling'aa.

"Hii ilianza kupasuka muda mrefu," Kazimili alisema. "Mwaka mzima hivi. Siku za karibuni imemalizikia. Uliwahi kulipakia kupita kiasi?"

Gaspari alikishika kipande kile kiganjani. "Watu ishirini na sita," alisema. "Safari moja. Walikuwa wanashika mlango, nisingeweza kuwaacha."

Limi alimletea Gaspari chai na kukaa naye benchini, na sisi tukamwachia nafasi. Alikunywa polepole, akiwa bado ameshika kile chuma. Baada ya muda mabega yake yakashuka, kama mtu aliyeambiwa na daktari jina la ugonjwa wake na jina hilo si lile aliloliogopa.

"Basi lilikuwa limechoka tu," alisema.

"Limechoka," Limi alikubali. "Na wewe pia."

Kazi iliisha jioni: bolti mpya, bushi mbili, na vyuma vya kushikilia springi vikakazwa mpaka Kazimili akatoka jasho. Wakati huo Odeta alimkalisha Kazimili juu ya ndoo, akamchungulia masikio kwa tochi. La kushoto, alisema, limechukuliwa na kile kinu cha pamba na halitarudi. La kulia akalitia mafuta ya uvuguvugu, akaacha maagizo, na safari iliyofuata alipopita na bomba lake la sindano alilisafisha. Sitaeleza kilichotoka. Niseme tu kwamba Odeta aliuliza kama fundi amekuwa akijikuna sikio kwa bisibisi, na fundi akasema wakati mwingine.

Sikio la kulia likafunguka, si lote, lakini vya kutosha kuleta matatizo. Kwa mara ya kwanza Kazimili alisikia yale tuliyokuwa tukiyasema benchini. Kwa wiki nzima tulikaa kwa adabu, tukizungumzia mvua. Limi naye akaanza kuomba vitu vyake mbele ya uso wa mumewe, na mara nyingi akajibiwa "tutaona".

Sauti nyembamba, hata hivyo, ziliendelea kuwa za Limi. Gari likija, yeye alipanda na dereva, Kazimili akavua viatu. Madereva wa malori walicheka mwanzoni. Baada ya miezi michache walikuwa wakisimama njia panda na kuuliza, "Mama Malongo yupo?" Akiwa ameenda kisimani walisubiri, huku mumewe amesimama pale na spana zake zote. Kazimili alivumilia. Aliwahi kuniambia kwamba kitu kigumu hakikuwa kumsikiliza mke wake. Kigumu kilikuwa kumkubali akisema "sijui", maana yeye hakuwahi kulitamka neno hilo kwa mteja tangu aanze kazi. Limi alilisema mara nyingi, na watu wakarudi.

Huko Bugarama na Mabawe wajawazito walichukua muda kuamini. Odeta ndiye aliyepanda kwanza, mbele ya macho yao, akapita kijiji kizima mara mbili akipunga mkono kama askofu. Mwezi wa Mei mama mmoja alikubali. Mtoto alizaliwa kabla hawajafika hospitali, ndani ya Mama Mkuu, na gari halikutoa sauti yoyote isipokuwa ya mtoto. Walimpa jina Gaspari, ingawa alikuwa msichana. Padri akalirekebisha siku ya ubatizo, akawa Gasparina.

Mwishoni mwa 1996 watu wa ng'ambo walirudishwa kwao, na barabara ikajaa tena, safari hii wakienda upande wa daraja la Rusumo. Kisha ikawa tupu. Malori yakapungua, nusu ya vibanda vya Lusahunga vikang'olewa, na hata chumvi yangu ikaanza kuganda dukani. Kazimili na Limi hawakuondoka. Walipata shamba la mahindi upande wa Nyakahura, wakawa wanalima asubuhi na kufungua kibanda mchana.

Gaspari aliacha udereva mwaka uliofuata, kwa hiari yake, kwa sababu ya macho. Siku moja alikuja kwa basi, akiwa na mkungu wa ndizi begani na fimbo mkononi. Hakuwa na gari la kutengeneza. Alikaa benchini katikati yetu, akauliza habari za mahindi, na Limi alipomkaribisha chai alisema kwamba yuko tayari hata kwa andazi la jana.